Nauli ya saa tano usiku: je, serikali ichangie?

Msomaji anauliza: "Ninafanya usafi kwenye jengo la maofisi, na zamu yangu inaisha saa tano usiku. Basi la mwisho hupita saa nne. Kwa hiyo naita gari kwa simu, na nauli yake inameza karibu nusu ya malipo ya zamu nzima. Nimesikia kuna miji inayowalipia watu wa kipato cha chini sehemu ya nauli za teksi mtandao. Mwenzangu kazini anasema huko ni kuzinenepesha kampuni kwa kodi zetu. Wewe mtaalamu unaonaje, serikali ifanye hivyo au isifanye?"

Ifanye, kwa safari kama yako. Ila mwenzako naye ana hoja, tena nzito kuliko anavyodhani mwenyewe, kwa hiyo nakuomba subira kidogo kabla hujaenda kumwambia kwamba umeshinda.

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayoamua ubishi huu. Tuseme basi linagharimu 100 kwa kila saa linapokuwa barabarani, dereva, mafuta na matengenezo vyote vikiwa ndani. Sijataja sarafu, weka unayoitumia. Likipakia abiria 25 katika saa hiyo, kila mmoja amegharimu 4. Likipakia 5, kila mmoja amegharimu 20. Sasa chukua gari la kuitwa kwa simu ambalo safari yake moja ni 12. Abiria 5 ni 60, na serikali imeokoa 40 ukilinganisha na lile basi lililokuwa likizunguka na viti vitupu. Abiria 25 ni 300. Gharama ya kila mmoja haikushuka hata senti, kwa sababu kila anayeita anahitaji gari lake, dereva wake na muda wake. Katika mfano huu mpaka uko kwenye abiria 8: wakiwa 8 au pungufu, gari dogo ni nafuu; wakifika 9, basi limeshinda, na kila anayeongezeka anashusha gharama ya kila abiria wa basi.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Mpango wa basi hufurahi watu wakiwa wengi. Mpango wa kulipia teksi huwaogopa, kwa kuwa kila mteja mpya ni ankara mpya. Nimekaa kwenye vikao vya bajeti ambapo afisa mmoja anasoma kwa majigambo kwamba watumiaji wameongezeka maradufu, na mhasibu aliye pembeni yake anashika kichwa. Wote wawili walikuwa wanasoma takwimu ileile.

Mfano unaotajwa sana ni mji wa Innisfil, kule Ontario nchini Kanada, uliokuwa mwaka 2016 na wakazi wapatao 36,000 waliotawanyika kati ya mashamba na ufuo wa ziwa. Mji haukuwa na basi. Makadirio yalionyesha kwamba basi moja lingegharimu dola 270,000 za Kanada kwa mwaka, na mawili 610,000, na hata hayo mawili yasingewafikia wakazi wengi. Mwaka 2017 halmashauri ikaamua kuingia mkataba na Uber: mkazi analipa dola 3 hadi 5 kwenda sehemu maalumu kama kituo cha treni au jengo la halmashauri, na mji unamalizia nauli iliyobaki. Kwa mji wa namna ile uamuzi haukuwa wa kijinga, na mimi ningeupigia kura. Watu waliupenda. Na kwa sababu waliupenda, gharama ikapanda, mpaka Aprili 2019 mji ukaongeza dola 1 kwenye nauli za abiria na kuweka kikomo cha safari 30 kwa mwezi.

Hebu tazama hicho kikomo kwa jicho la mtu wa zamu. Safari 30 ni kwenda na kurudi kwa siku 15. Anayefanya kazi siku 22 kwa mwezi anahitaji safari 44. Aliyekuwa akitumia usafiri huo kwenda kunywa kahawa mara mbili kwa wiki hakuguswa kabisa; aliyejengea ajira yake juu ya usafiri huo ndiye aliyekatwa wiki ya tatu ya mwezi. Mpango wa Innisfil ulikuwa wa wakazi wote, maskini kwa tajiri, na hayo ndiyo matokeo ya kufungulia kila mtu bomba kisha kulibana kwa usawa.

Linganisha na kaunti ya Pinellas, Florida, Marekani. Mamlaka ya mabasi ya pale, PSTA, ilianza Februari 2016 kwa jambo dogo: kuchangia safari fupi za Uber na teksi kati ya nyumbani na vituo maalumu vya basi. Mwanzoni ililipa nusu ya nauli na isizidi dola 3. Baadaye mchango ukafika dola 5. Mwaka huohuo ikaongeza mpango wa pili, ambao ndio unaokuhusu wewe: wakazi wa kipato cha chini waliokwisha kuandikishwa kwenye huduma ya wasio na usafiri walipewa safari 23 kwa mwezi bila malipo, kati ya saa 3 usiku na saa 12 asubuhi, kwenda au kutoka kazini, katika saa ambazo mabasi yamelala. Namba 23 inafanana na siku za kazi za mwezi. Unakwenda na basi jioni, unarudi na gari usiku. Ruzuku haishindani na basi. Inaanza pale basi linapoishia.

Mipango mingi niliyoisoma inatofautiana kwa mambo mengi, lakini nikiulizwa upi utadumu, natazama kwanza hilo: je, umefungwa kwenye saa, mahali au sababu ambayo basi haliwezi? Ukiwa umefungwa hivyo, mafanikio yake yana dari. Ukiwa wazi kwa safari yoyote saa yoyote, utakula fedha za mabasi yanayobeba maskini walio wengi zaidi, na huo mwisho nauogopa kuliko unene wa kampuni.

Sasa nije kwa mwenzako. Je, fedha inakwenda kwa nani? Inategemea jinsi mkataba ulivyoandikwa, na sentensi moja tu ndani yake inaweza kubadilisha kila kitu. Kuna namna tatu za kugawana nauli. Ya kwanza, serikali inalipa asilimia, tuseme nusu. Bei ikipanda usiku wa mvua, serikali na abiria wanaumia pamoja. Ya pili, serikali inalipa kiasi kisichobadilika, kama zile dola 5 za Pinellas, na kinachozidi ni cha abiria. Hapo bajeti ya serikali iko salama, na wewe ndiye unayebaki na mzigo wa bei ya mvua. Ya tatu, abiria ndiye anayelipa kiasi kisichobadilika na serikali inafidia kilichobaki, kama Innisfil. Hiyo ni tamu kwa abiria, lakini inaiondolea kampuni sababu ya kushusha bei: abiria haoni nauli halisi, na anayeilipa hayumo garini. Kama mkataba wa namna hii hauna nauli ya juu kabisa iliyokubaliwa mapema, mwenzako yuko sahihi neno kwa neno.

Kuna swali pia la kama magari yapo. Ruzuku ikimwagwa mahali penye madereva wachache, haizai magari usiku uleule; inaongeza watu wanaogombea magari yaleyale, na bei inapanda. Sehemu ya ruzuku itakuwa imepita mkononi mwako ikielekea mfukoni mwa kampuni, na jirani yako asiye na ruzuku naye atalipa zaidi. Penye madereva wengi wanaosubiri kazi, hali ni tofauti: fedha inanunua safari ambazo zisingekuwepo. Ndiyo maana ninashangaa ninapoona mpango mmoja umenakiliwa kutoka katikati ya jiji na kubandikwa kijijini bila kubadilishwa hata nukta.

Tena dereva mwenyewe, mara nyingi, ni mtu wa kipato cha chini kama wewe. Uingereza ilibidi suala lifike Mahakama ya Juu, ambayo Februari 2021 iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Fedha ya umma inapoingia kwenye nauli, sioni ubaya wa umma kuuliza dereva anabaki na kiasi gani baada ya kamisheni.

Wachumi wenzangu wana jibu lao la siku zote: mpe mtu fedha taslimu, aamue mwenyewe. Naliheshimu. Mtu maskini anajua shida zake kuliko ofisi yoyote, na mimi ningependelea fedha taslimu mahali ambapo magari yapo na nauli haziruki. Lakini fedha taslimu haileti gari mahali ambapo hakuna dereva anayekubali kuja. Na haiwezi kujadiliana na kampuni. Mamlaka yenye safari elfu kadhaa kwa mwezi inaweza kudai bei ya kudumu, wewe peke yako barabarani saa tano usiku huwezi kudai chochote.

Je, usafiri wenyewe unasaidia maskini kweli? Hapa ushahidi hauko upande mmoja, na wanaouza mipango hii hupenda kutaja nusu tu. Mwaka 1968 mchumi John Kain alionyesha jinsi ubaguzi wa makazi na kuhama kwa ajira kwenda pembezoni mwa miji ya Marekani kulivyowaacha wakazi weusi mbali na kazi. Kuanzia hapo umbali umetambuliwa kuwa kizuizi chenye uzito wake, mbali na ujuzi au juhudi. Jaribio la David Phillips mjini Washington, lililochapishwa 2014, liliwapa watafuta kazi maskini nauli ya usafiri wa umma, na katika wiki mbili za mwanzo maombi ya kazi na usaili viliongezeka kwa takriban asilimia 19. Nauli ndogo ilikuwa imewafunga ndani.

Lakini sikiliza na hili. Magharibi mwa Philadelphia, watafiti waliwapa wagonjwa wa kipato cha chini safari za Lyft, kampuni ya teksi mtandao kama Uber, bila malipo kwenda kliniki. Wagonjwa walikuwa 786, na matokeo yalitoka 2018. Waliopewa gari walikosa miadi kwa asilimia 36.5, wasiopewa, kwa asilimia 36.7. Yaani hakuna tofauti. Sidhani maana yake ni kwamba usafiri hauna kazi. Tayari wagonjwa hao walikuwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wenye kipato kidogo, ambayo ina usafiri wake wa kwenda hospitali, na mtu hukosa miadi kwa sababu bosi hakumpa ruhusa, mtoto hana wa kumshika, au simu ilikatika. Gari mlangoni haliwatatulii hayo. Kwa hiyo ninapoulizwa kama ruzuku ya safari inafaa, na mimi huuliza: ni nini hasa kinamzuia mtu huyu? Kwako ni basi linaloondoka saa moja kabla hujavua aproni. Kwa mwingine ni kitu kingine, na kumlipia nauli ni kutwanga maji kwenye kinu.

Mipango hii pia huwaacha nje hasa wale waliokusudiwa. Mtu asiye na simu ya kisasa, asiye na kadi ya benki, anayetumia kiti cha magurudumu, asiyesoma lugha ya kwenye skrini. Dawa zake zinajulikana na hazina siri: namba ya simu inayopokelewa na binadamu, malipo kwa fedha taslimu au vocha, na angalau kampuni moja yenye gari linalopakia kiti cha magurudumu. Pinellas waliziweka teksi za kawaida kando ya Uber kwa sababu hizo. Zinaongeza gharama, kweli. Mpango usiokuwa nazo unaonekana nafuu kwa kuwa umewaacha wateja wake wagumu.

Kumtambua maskini hakuhitaji ofisi mpya. Bogotá, mwaka 2014, ilianza kupunguza nauli ya mabasi kwa kutumia SISBEN, daftari la taifa la Kolombia la kaya maskini, na punguzo likaingia kwenye kadi yenye jina la mhusika. New York nayo tangu 2019 ina nusu nauli ya treni na mabasi kwa wenye kipato kidogo. Mamlaka inayotaka kuchangia teksi itumie daftari lililopo. Kila fomu mpya ni usiku mmoja zaidi wa kusimama barabarani.

Ziko njia za kati ambazo mjadala wako na mwenzako haukuzigusa. Wilson, mji wa North Carolina wenye watu karibu 50,000, uliondoa mabasi yake ya ratiba Septemba 2020 na kuweka vigari vinavyoitwa kwa simu, vinavyobeba abiria kadhaa wanaokwenda upande mmoja, kwa nauli ya dola 1.50 pale mwanzo. Vinaendeshwa na kampuni ya Via kwa mkataba na mji. Tofauti na Innisfil ni kwamba mji unanunua idadi fulani ya magari na saa zake. Watu wakizidi, ankara hailipuki. Kinacholipuka ni kusubiri. Hakuna muujiza hapa: mahitaji yakizidi fedha, mtu atalipa kwa pesa, kwa muda, au kwa kukataliwa. Afisa anayekuambia mpango wake umekwepa yote matatu hajaufungua kwa watu bado.

Hata vigari hivyo vya kuchangia haviwezi kuwa mabasi. Kila mara vinapotoka njiani kumfuata mtu mlangoni, vinapoteza dakika, na ni nadra kubeba zaidi ya abiria 5 kwa saa kwa gari. Katika hesabu yangu ya mwanzo, 5 iko chini ya mpaka wa 8: upande wa abiria wachache, si upande wa basi. Kwenye barabara yenye watu wengi, kubadili basi kwa magari madogo ni kununua huduma mbovu kwa bei kubwa, na foleni juu yake. San Francisco imepimwa vizuri kwa hilo: kati ya 2010 na 2016 muda unaopotea kwenye foleni uliongezeka kwa asilimia 62, na watafiti waliona kwamba bila teksi mtandao ungeongezeka kwa asilimia 22. Anayeumia zaidi na foleni hiyo ni abiria aliyesimama ndani ya basi.

Na bei za leo msizichukue kama ahadi. Kwa miaka mingi nauli za kampuni hizi zilikuwa chini kwa sababu wawekezaji walikuwa wakibeba hasara. Uber iliingia kwenye soko la hisa Mei 2019, na faida yake ya kwanza ya mwaka mzima kutokana na uendeshaji ilikuja 2023. Mji uliouza mabasi yake kwa kutazama nauli za wakati ule ulipiga hesabu kwa bei ya maonyesho. Ndiyo maana nasema ruzuku ya teksi iwe ya pembeni. Kampuni ikipandisha bei au ikiondoka, mji unapoteza safari za usiku, haupotezi usafiri.

Sasa wewe ufanye nini? Wiki hii, kabla ya kuandika barua kwa yeyote, hesabu ni wangapi katika jengo lenu na majengo ya jirani wanatoka saa tano na kuelekea upande wenu. Waulize walinzi, wapishi, na wauguzi kama kuna hospitali karibu. Mkifika 9 au zaidi kwenye njia moja, msiombe teksi. Ombeni basi la mwisho lisogezwe hadi saa tano na nusu, na waajiri wenu watie saini, kwa kuwa wao ndio waliopanga zamu. Mkiwa watatu au wanne, kila mmoja na njia yake, basi litapita tupu na mtanyang'anywa ndani ya mwaka. Hapo ombeni nauli: safari moja kwa kila siku ya zamu, baada ya basi la mwisho, kwa bei ya juu iliyoandikwa kwenye mkataba. Na mwenzako naye atie saini. Yeye ndiye atakayeusoma huo mkataba vizuri kuliko nyote.